Kabati la Wala Mbegu

Mji ule ulijengwa ndani ya kabati, au pengine kabati ndilo lililokua likakua mpaka likawa mji. Wenyeji walikwisha kusahau kipi kilitangulia, na mimi msimulizi sitajitia ujuaji kuliko wenyewe. Nyumba zilikuwa droo zilizopangana kwenda juu hadi shingo ikauma kuzitazama, na kila droo ilikuwa na kishikio cha shaba upande wa nje. Ndani watu waliishi kama watu wanavyoishi kokote, wakapika, wakazaa, wakasutana kwa mambo ya kijinga. Asubuhi karani alipita na ngazi yake akivuta droo moja moja, mwanga ukaingia, watu wakapiga miayo. Jioni alizisukuma, na mji ukahesabiwa kuwa umelala hata kama hakuna aliyefumba jicho.

Kama walikuwa ndege au walikuwa watu, ni swali ambalo Zamda aliwahi kujiuliza alipokuwa na miaka saba, akaliuliza tena siku iliyofuata alipokuwa na sabini. Ndivyo siku zilivyokwenda mle, hazikufuatana kwa adabu. Mvua ikinyesha waliota manyoya, kiangazi wakabaki na ngozi, na misimu yote walikuwa na njaa ya mbegu: uwele, mtama, ulezi, na punje za majani ya porini ambazo hakuna aliyejali kuzipa jina. Kwa sheria ya zamani njaa hiyo ilitosha. Mwenye mdomo mfupi, mnene, wa kupasulia punje, alikuwa ndugu wa kila mwenye mdomo kama huo. Chiriku wa manjano na shorewanda wa mapaani, kwera fundi wa kusuka viota na kwelea mharibifu wa mashamba, mshigi mdogo wa mashavu mekundu na fumbwe wa mkia mrefu, wote walipakuliwa sinia moja. Waligombana kwenye sinia hilo, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa kindugu.

Kisha likaja Baraza jipya la Majina, likasema mdomo ni mwongo. Njaa ya aina moja, walisema, hufinyanga midomo ya aina moja kwa watu wasiojuana hata kwa salamu. Kisichosema uongo ni damu. Basi watu wakapigwa foleni, wakachomwa kidole, tone likadondoshwa kwenye karatasi, na makarani wakakaa kusoma lilivyotambaa. Damu nzito kuliko maji, waliandika ukutani, kana kwamba kuna mtu aliyewahi kubisha. Kesho yake ngazi zikaanza kazi. Mume alipandishwa ghorofa ya chiriku, mke akaachwa chini kwa shorewanda, wakawa wanapungiana vitambaa asubuhi droo zikivutwa. Baadaye vitambaa vikapungua, kwa kuwa mtu huchoka hata kupunga.

Zamda, kwa sura, alikuwa bibi wa kawaida kabisa, mfupi, mwenye mashavu mekundu yaliyokwisha kupauka. Lakini Zamda alikuwa kielelezo. Zamani, jamaa za mji zilipoanza kuandikwa, iliamriwa kila mtoto afunguliwe kinywa siku ya arobaini. Alitiwa punje moja ya uwele, akipanua karani huchungulia kaakaani na kunakili vitone vilivyomo, maana watoto wa wala mbegu huzaliwa na vitone vinywani, kila jamaa na mpangilio wake, ili mama aone pa kutia chakula hata kwenye giza la kiota. Mshigi wa kwanza kufunguliwa kinywa alikuwa Zamda. Si kwa ubora wowote. Mama yake aliwahi foleni kwa sababu alikuwa ameacha maharage motoni. Vitone vyake vitano vikachorwa, kifundo cha mguu wake kikafungwa uzi mwekundu, na tangu hapo mshigi ni yule anayefanana na Zamda. Asiyefanana naye si mshigi, hata akilia machozi ya damu. Vitone vyenyewe vilifutika alipokua, kama vinavyofutika kwa kila mtu. Mchoro ukabaki, na uzi pia.

Juu ya mlango wa Baraza palichongwa maneno ya sheria kongwe kuliko zote, ambayo hata Baraza jipya halikuthubutu kuyagusa: JINA HUMFUATA KIELELEZO. Zamda alipita chini yake miaka yote bila kuyafikiria, kama mtu asivyofikiria kizingiti mpaka ajikwae.

*

Alikuwa na watoto watatu wachanga siku karani alipovuta droo wakaonekana wanne. Zamda aliwahesabu, akawahesabu tena, majirani wakachungulia. "Huyu wa nne katoka wapi?" wakamuuliza. Akajibu lililo kweli, akasema sikujua, na jina likamnasa mtoto hapo hapo. Wazee walijua vizuri ni desturi ya nani. Fumbwe hajengi. Hutaga kiotani mwa mshigi, yai moja, hamwagi hata yai la mwenye nyumba, kisha huyo anakwenda zake. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Vitone vilikuwa vitano, vile vile, labda vizuri zaidi kidogo, na Zamda akatia. Mkono uliokwisha kutia mara moja hauwezi kesho yake kuuliza cheti. Watatu wale wa kwanza walichukuliwa na homa ya msimu mmoja, mmoja baada ya mwingine, na marehemu Msabaha, mume wa Zamda, akawafuata kwa huzuni. Sikujua akabaki. Siku nyingine alikuwa anatambaa, siku nyingine ana mvi kumshinda mama yake, lakini alikuwepo, na Zamda aliposikia pumzi yake ndani ya droo alijua bado yupo duniani.

Barua ilikuja na karani wa ngazi. Ilisema Sikujua, aliyedhaniwa mshigi, amesomwa damu na kuonekana fumbwe. Kwa hiyo kielelezo atafika Barazani kabla ya kengele ya saa saba mchana kutamka maneno matatu ya kutengana: Huyu si wangu. Akishatamka, Sikujua atapelekwa droo ya fumbwe. Asipotamka, Sikujua hatakuwa na lebo mguuni, na asiye na lebo hufagiwa pamoja na makapi, kupitia tundu la jaani, ambako hakuna aliyewahi kurudi kueleza kukoje.

Na droo ya fumbwe? Ilikuwa nyuma ya kabati, imegeukia ukuta, haina kishikio. Ilipokea watu kwa mwanya wa juu na haikuvutwa asubuhi wala jioni. Mbegu zilimwagwa humo zikiwa ngumu, kwa ndoo, na aliyeweza kuzipasua alikula.

Sikujua alikuwa akitafuna uwele barua iliposomwa. Meno ya Zamda yalikwisha kung'oka, na kila asubuhi binti alimtafunia mama yake punje, akazilainisha, akamlisha kwa kijiko cha mti. Hakuacha kutafuna. Alimeza kidogo, akafuta mdomo.

"Mama, utakwenda, na utasema."

"Nitasema nini?"

"Usijitie kusahau. Maneno matatu. Kuna wanawake wameyasema kwa watoto waliowazaa kwa uchungu, sembuse mimi wa kuokotwa."

"Nani kakwambia uliokotwa?"

"Si droo zote hizi? Wananiita yai la mgeni tangu nina manyoya ya utoto. Wewe ndiye uliyekuwa unajifanya husikii."

"Nilikuwa nasikia, mwanangu. Nilikuwa nachagua tu la kujibu."

Sikujua alicheka kidogo, kicheko kibaya, halafu akaanza kukusanya vitu vyake. Havikuwa vingi. Alipokuwa anakunja kanga alivuma wimbo wa Msabaha, ule wa kuitana machweo, bila kujua anauimba. Hakuwahi kuwa na wimbo mwingine. Zamda alimtazama mgongo. Alitaka kumwambia aache kuimba na alitaka aimbe mpaka kabati lipasuke. Uzi wa kifundoni ukamkaza.

"Kuna kitu kimoja tu kinachonitesa," Sikujua alisema bila kugeuka. "Nikienda, nani atakutafunia?"

"Mimi sina njaa."

"Uongo huo ulinidanganya nao mwaka wa ukame. Sasa mimi ni mtu mzima, mama. Niambie mwingine."



*

Msajili wa Baraza aliitwa Bwana Kitojo. Alikuwa mshigi, mwenye adabu zake, na kinywa chake cha utotoni kilikuwa kimelinganishwa na mchoro wa Zamda kabla hajapewa hata kaptula. Alisimama bibi alipoingia. Sikujua alikuwa amekwisha kuwekwa kwenye benchi la mwisho, kanga yake mapajani.

"Shikamoo, Bi Zamda."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Karibu ukae. Jambo lenyewe halina urefu, unatamka, tunaandika, unarudi kupumzika. Chai ipo."

Zamda hakukaa. Ukutani nyuma ya meza palikuwa na karatasi kubwa mpya, wino wake bado unanuka. Ulikuwa mti wa damu. Matawi yote ya wala mbegu yalitokea shina moja, kisha yakaachana, mengine chini kabisa, mengine juu. Zamda alikuwa ameitwa Barazani mara nyingi mno asijue kusoma michoro ya makarani. Alianza kwa chiriku, akaona tawi lake linakwenda kivyake mapema. Akamwona shorewanda. Akamtafuta kwera, akamkuta jirani na mbali kwa pamoja, kama mtu wa mtaa wa pili. Halafu akawatafuta mshigi na fumbwe. Kidole chake kilipanda, kikafika kwenye panda ya mwisho kabisa, na pale matawi mawili yalikuwa yametoka tumbo moja.

Alirudia kwa kidole. Hakuwa amekosea.

"Bwana Msajili," alisema, na sauti yake ikapanda kama ya msichana, kwa kuwa dakika hiyo alikuwa na miaka kumi na tisa. "Hebu njoo utazame. Damu yenu wenyewe mnayoisifu inasema hakuna aliye karibu na mshigi kuliko fumbwe. Chiriku ni wa mbali. Kwera wa mbali. Huyu ndiye ndugu. Mmeniletea barua nimkane ndugu yangu wa damu, kwa ushahidi wa damu!"

Kitojo hakutazama ukutani. Alikuwa ameukagua mti huo usiku na mchana tangu ulipochorwa.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Bibi, kila mtu humu ofisini anajua. Ndiyo maana droo yao iko nyuma. Chiriku hanisumbui, akipita naona ni chiriku. Lakini mtu wa tumbo moja nami, aliyekulia nyumbani kwangu, anayeimba wimbo wa baba yangu, mwenye kinywa kama changu! Nitalala vipi? Siku moja si ataniuliza kwa nini mimi niko juu na yeye yuko chini?" Alivuta kiti akaketi, sauti ikashuka. "Watu wanadhani kabati liliwekwa ili tujue nani ni nduguye nani. Kabati liliwekwa ili lifungwe. Tamka, Bi Zamda. Ukimficha utaangamia naye. Mchuma janga hula na wa kwao."

Zamda alitegemea ule mti wa ukutani kama watu wengine wanavyotegemea dua. Ulipomwangusha hakubaki na kitu. Alikata tamaa waziwazi, mbele za watu, mdomo wazi, mate yakimtoka pembeni kama mtoto. Na ndani yake maneno yalikuja vipande vipande, mengine ya leo, mengine ya siku ambazo hazijafika.

Huyu si. Huyu si wa. Nilihesabu wanne. Nilihesabu tena. Nikisema, ataishi gizani na punje ngumu, lakini meno anayo, mwanangu ana meno. Nisiposema, ufagio. Nikisema, nitarudi kwenye droo isiyo na pumzi ya mtu. Mama aliacha maharage motoni. Kama maharage yasingekuwa motoni angechelewa, kielelezo angekuwa mwingine, na mimi ningekuwa bibi tu wa kulilia mtoto wake. Kwa nini neno langu. Kwa sababu ya uzi. Uzi ni wa nini. Ili jina lisipotee. Jina liko wapi. Jina liko mguuni kwangu. Na mguu wangu uko wapi?

Mguu wangu uko pale ninapouweka.

Karani wa kengele alikuwa ameshika kamba tayari. Zamda aligeuka taratibu akatazama mlango alioingilia, maneno yaliyochongwa juu yake, akayasoma kwa mara ya kwanza maishani.

"Nisomee ile, mwanangu," alimwambia Kitojo. "Macho yangu mabovu."

"Jina humfuata kielelezo. Bibi, muda."

"Maana yake?"

"Kila karani anaijua. Kielelezo kikiwa droo ya juu, jina liko juu. Kikihamishwa, jina linahama nacho, na waliobaki wanalinganishwa upya. Haijawahi kutokea."

"Basi niandikie lebo mbili."

"Mbili za nini?"

"Ya kwanza, Sikujua, droo ya nyuma. Ya pili, Zamda, droo ya nyuma."

Karani wa kengele aliachia kamba pasipo kutaka, kengele ikalia saa saba. Kitojo alikuwa amekwisha kusimama, uso umemwiva mashavuni, wekundu wa jamaa yao.

"Huwezi. Wewe damu yako ni mshigi."

"Damu yangu si ndiyo mshigi wenyewe? Mimi nikiwa kule, mshigi ni wale wa kule. Nyinyi mliobaki mtatafuta cha kujiita."

"Bi Zamda, nakuomba." Sasa hakuwa msajili, alikuwa mtoto aliyepotelewa na mkono sokoni. "Nina wanangu. Tuko droo arobaini na mbili. Mimi nitakuwa nani?"

Zamda alimhurumia, hilo liandikwe. Alimtazama kama alivyowatazama wale watatu walipokuwa na homa. Lakini alikuwa amekwisha kuchukua kalamu mezani, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa makarani wote. Akaandika lebo mbili, akachuchumaa kwa shida, akajifungia moja juu ya uzi mwekundu. Nyingine akaipeleka benchi la mwisho.

Sikujua aliusukuma mkono wake.

"Nani alikuomba?" Alikuwa analia kwa hasira. "Nani kakwambia mimi nataka kuitwa mshigi? Wewe ungekaa juu kwenye mwanga, ningejua kuna mtu wangu mmoja anayeona asubuhi. Hilo lingenitosha. Umenipokonya hata hilo!"

"Lete mguu, mwanangu."

"Sileti!"

"Lete mguu. Watakufagia."

Akaupeleka.

*

Walipitishwa mwanyani kabla ya saa nane. Sheria ya vielelezo ilisema droo yenye kielelezo hutiwa kafuri na kupigwa lakiri, isiguswe tena na mkono wa mtu, na makarani wakaifuata sheria hiyo, kwa kuwa hawakujua kufanya kingine. Nao mwanya ukazibwa, ukaachwa upenyo wa kupitisha mbegu. Giza lilikuwa zito na lilinuka kafuri hadi machoni. Palikuwa na watu wengine humo, fumbwe wengi, waliokaa kimya kimya wakisikiliza nani ameletwa.

Kwa nje, kwa mbali, walianza kusikia nyayo. Kwanza za mtu mmoja, zikazunguka kabati, zikasimama upande wa ukutani. Kisha nyingi. Watu wa droo arobaini na mbili walikuwa wamevuliwa lebo zao wangojee kulinganishwa upya, wakaja kupapasa ubao usio na kishikio. Waligonga kwa vidole, halafu kwa viganja. Sauti moja iliyofanana sana na ya Kitojo ilikuwa inaomba bibi aongee japo neno, aseme tu kwamba yuko hai na bado anawatambua. Zamda hakuwa na nguvu za kujibu. Haikuwa ushindi, na asije mtu akakwambia ilikuwa ushindi. Alikuwa mzee gizani, tumbo tupu tangu asubuhi, na mtoto wake hasemi naye.

Saa zilipita, au ilikuwa miaka. Mbegu zilimwagwa, ngumu, zikarukaruka sakafuni. Wenzao walizikimbilia. Zamda aliokota punje moja, akaitia mdomoni, akaizungusha kwenye fizi, akaitoa nzima kama alivyoitia.

Sikujua aliisikia ikianguka.

Kisha ikasikika sauti ya kutafuna, taratibu, kwa muda mrefu, na mtu akisogea kwa magoti mpaka magoti yakagusana na ya Zamda. Kijiko kilibaki kule juu. Vidole vilipapasa kidevu cha bibi, vikapanda.

"Fungua kinywa, mama."

Alifungua. Giza lilikuwa giza kweli. Kidole cha Sikujua kikaingia kwanza kutafuta njia, kikapita kwenye fizi, kikafika kaakaani, mahali palipochorwa, mahali ambapo mji mzima ulipimwa. Kikapapasa huku na huku. Palikuwa laini tupu.

"Mama," alinong'ona, "humu hamna kitu."

"Vilifutika kabla hujaja," Zamda alisema. "Tia."